Mwalimu Wangu wa Kiayalandi

Mwezi wa Machi ukifika, mwalimu wangu wa Kiayalandi alikuwa haruhusu mtu kuingia darasani akiwa amevaa kijani. Washington nzima iligeuka kijani wiki ile ya sikukuu ya Waayalandi: kofia za plastiki, shanga, bia iliyotiwa rangi, watu wazima wamejichora majani mashavuni. Yeye alisimama mlangoni na koti lake la sufu lililochakaa viwiko, akitukagua kama askari wa forodha. Kijana mmoja alirudishwa kwa sababu ya soksi. "Nenda kavae nguo za mtu mzima," alimwambia, "halafu uje tuzungumze habari za Ayalandi."

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, yeye mwenyewe alifunga tai ya kijani akaenda hotelini kuwaimbia wafadhili wa darasa.

Anayetaka kumjua kwa ufupi, hayo mawili yanamtosha. Mimi nilikaa naye miaka mitatu, kwa hiyo nina zaidi ya kusema, na si yote ni mabaya. Laiti yangekuwa mabaya yote, ningekuwa nimeshamsahau.

Sitamtaja jina. Nilimwita Mwalimu, kwa Kiswahili, kwa sababu siku ya kwanza aliniuliza mtu wa kazi yake kwetu anaitwaje, nikamwambia, akalipenda neno akalishika. Wenzangu walidhani ni sehemu ya jina lake.

Kwake niliangukia tu. Nilikuwa nakaa Langley Park, kando ya Washington, na mama yangu mdogo, aliyenileta kutoka Taita nije nisomee uuguzi. Yeye kazi yake ilikuwa kuwaosha na kuwalisha wazee majumbani mwao. Chuo kilimtaka kila mwanafunzi asome lugha moja ya kigeni, na Kiswahili changu hakikuhesabiwa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunitahini. Kifaransa kilikuwa kimejaa. Kihispania kiligongana na zamu yangu ya dukani. Kikabaki Kiayalandi, mchana, darasa lenye viti vitupu.

Mama mdogo aliposikia, alikuwa ameketi kitandani akijikanda miguu.

"Kiayalandi? Si watu wa huko wanaongea Kiingereza?"

"Wengi, ndiyo, Mama. Wachache ndio bado wanaongea chao."

"Kwa hivyo unaenda kusoma lugha ambayo wenyewe wameitupa."

"Ni muhula mmoja tu."

"Wakesho, mimi naosha wazee wa watu mchana kutwa ndio wewe usome kitu cha maana. Usiniletee mchezo."

Muhula mmoja ukawa miaka mitatu, na uuguzi nikauacha njiani.

Kilichoninasa kwanza ni jambo dogo la sarufi. Katika Kiayalandi neno hubadilika kichwani. Kiatu ni bróg. Kiatu changu, mo bhróg. Kiatu chetu, ár mbróg. Wamarekani waliozoea maneno yabadilike mkiani walichanganyikiwa. Alikuwepo msichana mmoja mwenye nywele nyekundu, ambaye nyanya yake alitoka huko Ayalandi, na siku ile alikaribia kulia. "Sasa nitalitafutaje kwenye kamusi?" Mimi nikacheka. Kwetu mtu akitaka macho huenda akatafuta jicho, na hakuna anayelia. Vivyo hivyo na huzuni. Waayalandi hawasemi wana huzuni. Husema huzuni iko juu yao. Wenzangu waliandika madaftarini kwamba huo ni ushairi. Mimi niliona ni kawaida tu. Njaa hunishika, usingizi hunichukua, baridi ya Januari hunipiga. Sijawahi kuvimiliki vitu hivyo.

Mwalimu aliliona hilo upesi. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali huku ametupa mgongo, anaandika ubaoni, na wengine wakikosa alisema bila kugeuka, "Wakesho." Nikijibu, chaki haikusimama. Hiyo ndiyo sifa aliyonipa.

Wanafunzi wengine aliwapa majina ya Kiayalandi. Mimi alikataa kunipa. Aliuliza jina langu lina maana gani, nikamweleza kwamba kwetu Wakesho ni msichana aliyezaliwa asubuhi. Akalirudia mpaka likakaa sawasawa mdomoni. "Mtu mwenye jina kama hilo sina la kumwongezea," akasema. Nililala na maneno hayo kwa furaha. Baadaye sana, baada ya yaliyotokea kutokea, nilikuja kujiuliza kama ile ilikuwa heshima au ulikuwa mlango uliofungwa kwa upole.

Ulimi wake ulikuwa mkali. Kijana mmoja alikuja amechorwa tatuu mpya begani, maneno ya Kiayalandi, akavua shati kidogo aonyeshe. Mwalimu akaisoma kwa utulivu, akamwambia ina makosa mawili, akaendelea na somo. Watu waliokuja kwa ajili ya nyimbo na vinubi na mapango ya kale hawakumaliza mwezi. "Mnataka Ayalandi isiyo na watu," aliwaambia. Huyo huyo alikuwa na binti ambaye alizungumza naye kwa simu ya ofisini kila wiki, kwa Kiingereza kitupu. Nilimwuliza siku moja kwa nini.

"Mama yake hakuwa na lugha hii," akasema. "Na mtu mmoja peke yake hawezi kuwa nchi nzima ndani ya nyumba."

Sikumcheka. Binamu zangu, watoto wa mama mdogo, walisemeshwa Kiswahili tangu asubuhi na wakajibu Kiingereza mpaka walipolala. Kitaita hata hawakukisikia.

Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba chenye birika la umeme ambalo kanuni za jengo zilikataza. Alipika chai nyeusi ti, akaijaza maziwa, akajidai. "Majani haya yametoka kwenu."

"Kwetu Taita hatulimi majani chai, Mwalimu."

"Yametoka jirani yenu, basi. Kunywa."

Tulikunywa. Aliuliza mambo ambayo hakuna mtu mwingine Marekani aliyewahi kuniuliza: mtoto akipiga chafya anaambiwaje, maiti analazwa ameelekea wapi, ni nani haruhusiwi kupiga mluzi ndani ya nyumba. Mluzi yeye mwenyewe hakupiga. Alisema ni mazoea tu, lakini kijana aliyepiga mluzi koridoni alitolewa maneno yaliyomfanya abadilishe njia.

Halafu kuna siku ya kijiti. Alitueleza kwamba zamani mtoto wa Ayalandi alivishwa kijiti shingoni shuleni. Kila alipoteleza akasema lugha ya mama yake, kijiti kilitiwa alama, na jioni alama zikalipwa kwa viboko. Alisimulia kwa sauti ya mambo ya makaburini. Nikanyoosha mkono.

"Kwetu kilikuwa kipande cha mfupa chenye kamba," nikasema. "Tulikiita monito. Ukisema Kitaita unavishwa, na unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Mimi alinivisha dada yangu."

"Lini?"

"Nikiwa darasa la nne. Sio zamani."

Alivua miwani, akakaa juu ya meza.

"Mimi kijiti nimekisoma vitabuni," akasema mwisho. "Wewe umekivaa."

Tangu siku hiyo aliniita mwenzangu. Nilimwamini. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu bila hilo mengine yote yangekuwa habari ya kawaida ya chuo.

Hata mama mdogo alikuja kulainika. Mwaka wa pili tulisoma hadithi na itikadi za Wakelti, watu wa kale wa Ayalandi, na Mwalimu akatutuma kila mmoja akaombe hadithi kwa mzee wa nyumbani kwake. Msichana wa nywele nyekundu alileta jinsi nyanya yake alivyooka mkate. Mimi nilimkalisha mama mdogo jikoni, sufuria ya maharagwe ikichemka, nikamwambia nahitaji hadithi, kwa Kitaita, kama alivyosimuliwa yeye. Alikataa. Kisha akaanza. Alisimulia habari ya mwanamke aliyeozwa kwa mlima, akaimba na wimbo wake, akapiga makofi kwa mikono iliyochubuka sabuni, na watoto wake wakaja kusimama mlangoni kumwangalia kana kwamba ni mgeni.

"Na huyo mzungu anayataka haya kweli?" aliniuliza alipomaliza.

"Amesema nisome kwa Kitaita kwanza darasani, wasikie inavyolia, ndipo nitafsiri."

Akainama akafunika sufuria. "Basi mwambie asante," akasema.

Nafasi ya Ayalandi ilikuja mwaka wa tatu. Palikuwa na jumuiya ya watu wenye asili ya huko, watu wazito wa mjini, ambao ndio walioligharamia darasa letu. Kila mwaka walimpeleka mwanafunzi mmoja, yule bora, akakae kiangazi kizima magharibi ya Ayalandi, katika vijiji ambavyo lugha bado inasemwa dukani na kanisani. Mwalimu ndiye aliyechagua jina. Majira ya baridi yote alininoa. Tulisema Kiayalandi kitupu ofisini mwake. Nikitumia neno la Kiingereza, chai yangu ilibaki kwenye birika. Alinieleza nyumba nitakayofikia, mama mwenye nyumba anavyopenda kuulizwa habari za mgongo wake kabla ya jambo lolote. Aliniambia nianze kushughulikia viza, kwa kuwa pasipoti ya Kenya haiendi popote bila kuombewa. Mtihani wa kusema ulipofanywa, alisoma matokeo mbele ya darasa: mimi wa kwanza, na aliyenifuata hakunikaribia.

Mama mdogo alienda akaninunulia koti la mvua. La buluu, zito, lenye kofia. "Nimesikia huko hakukauki," akasema. Kanisani aliwaambia watu wote. Wakenya wenzake waliokuwa wakimwuliza kwa huruma kama bado sijarudi kwenye uuguzi, sasa aliwajibu yeye kabla hawajauliza.

Mwezi wa Machi Mwalimu alinipeleka hotelini kwenye chakula cha mchana cha wafadhili. Yeye na tai yake ya kijani, mimi na gauni la kuazima. Nilisimama nikatoa simulizi refu la kikongwe anayeamrisha majira ya baridi, kwa kichwa, bila karatasi. Walisimama wakapiga makofi. Mzee mmoja alifuta machozi. Bibi mmoja alinishika mkono akaugeuza, kiganja juu, kama anayetafuta mahali sauti ilipotokea. "Laiti nyanya yangu angekuwepo kusikia!" walisema, mmoja baada ya mwingine. Wakanipiga picha. Mwalimu alisimama kando, amefura kwa fahari. Fahari ile ilikuwa ya kweli, sitamnyima hiyo.

Baada ya majuma machache akaniita ofisini. Chai ilikuwa tayari kikombeni, nami nikajua kuna jambo, kwa sababu alianza kwa Kiingereza.

"Wamempa mwingine," akasema.

"Nani?"

Alimtaja msichana wa nywele nyekundu.

"Si wewe ndiye unayechagua, Mwalimu?"

"Mimi ndiye ninayeandika jina." Aliangalia dirishani. "Waliniambia wamefurahi sana na wewe. Sana. Lakini wanataka jambo hili libaki kwenye damu. Ndivyo walivyosema. Watoto wao waliopoteza lugha wairudie. Nikishindana nao wataliacha darasa, na darasa likifa, lugha hii haitafundishwa tena mji huu. Wewe zaidi ya mtu yeyote unajua maana yake."

"Kwa hiyo jina uliloandika ni lipi?"

Akanisogezea kikombe. Akasema, "Sikiliza. Wewe una lugha tatu zako mwenyewe. Yule mtoto hana hata moja."

Nimeishi na sentensi hiyo muda mrefu. Kila nikiigeuza naona ilivyoshonwa vizuri. Ilinifanya tajiri ili ninyang'anywe. Na ubaya wake ni kwamba pale ofisini, kikombe mkononi, nilitingisha kichwa kukubali, kwa sababu ilisemwa na mtu aliyeniita mwenzangu.

"Mwaka ujao," akasema nilipokuwa mlangoni.

Mama mdogo alinisikiliza akiwa amesimama, bado na sare ya kazini.

"Hebu sema tena. Ati nini?"

"Wamesema inataka damu yao."

"Wakiugua hawaniulizi," akasema. "Naingia, namgeuza mtu, namsafisha, na hakuna hata mmoja amewahi kuniuliza huu mkono una damu ya nani." Kisha akageukia jiko, akaanza kukata vitunguu kwa nguvu, vingi kuliko tulivyohitaji.

Sikuacha darasa. Watu huniuliza kwa nini. Lugha ilikuwa imeshaingia, na sikuona sababu ya kumwachia yeye hata hiyo. Lakini aliyebadilika ni yeye, si mimi. Aliacha kuniuliza maswali huku ametupa mgongo. Akaacha kuniita mwenzangu. Akaniita kwa jina, kwa adabu kubwa, kama mtu wa benki. Chai ilikoma bila mmoja wetu kusema imekoma. Nadhani alinichukia kidogo, jinsi mtu anavyokichukia kitu alichokivunja ambacho bado kinakaa mezani.

Msichana wa nywele nyekundu alirudi vuli ile, akanifuata koridoni. "Ulistahili wewe," akaniambia, macho yamemjaa. "Kule wote walinijibu kwa Kiingereza." Muhula ule hakujiandikisha tena darasani.

Na mwaka ujao haukuja. Wafadhili walipata jambo jingine la kupenda, sanamu fulani ya kusimamisha bustanini, na darasa likafungwa bila hata barua ya kuaga. Mwalimu alistaafishwa. Kitu ambacho kwa ajili yake aliniuza, hakukipata. Niliposikia nilingoja kufurahi. Furaha haikuja. Nilichoona ni kwamba sasa hapakuwa na mtu hata mmoja mjini wa kuniambia niseme tena.

Nilipata kazi ya ofisini huko Beltsville, kupokea simu na kupanga miadi ya wakubwa. Mwaka wa tisini na tisa, mama mdogo alipoapishwa uraia, nilikwenda Alexandria, ng'ambo ya mto kutoka Washington, kuchukua keki niliyoiagiza. Ilikuwa Jumamosi mchana, duka limejaa. Nilikuwa nimeshapokea boksi langu na ninageuka kutoka, ndipo nikasikia jina langu likitamkwa sawasawa kabisa, bila kukunjwa mahali.

"Wakesho!"

Alikuwa amekonda. Koti lile lile, mkongojo mpya. Kando yake alisimama mwanamke wa makamo mwenye pua yake. Nikajua ndiye binti wa simu. Mikono yangu ilikuwa na keki, kwa hiyo hatukupeana mikono, nami nikashukuru.

"Huyu ndiye," akamwambia binti yake, uso umewaka. "Huyu ndiye niliyempeleka Ayalandi."

"Oh, ni wewe!" binti akasema. "Tunasikia habari zako kila sikukuu. Anamwambia kila mtu."

"Wafadhili hawakutaka," Mwalimu akaendelea, kwa sauti ya kulisikilizisha duka. "Walitaka mtoto wa kwao. Nikawaambia, au huyu au hakuna. Akaenda. Alikaa jikoni na wale kina mama, mvua inanyesha, wanamsimulia, hawaamini masikio yao. Mpaka leo wanamwulizia."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Safari aliyoisimulia ilikuwa nzuri. Alikuwa ameitunza vizuri, ameiwekea jiko na mvua na watu wa kuniulizia, na kwa muda mfupi nilitamani nimwachie. Lakini watu wale wa jikoni walikuwa wangu. Niliwasubiri majira ya baridi mazima.

Sikutaka kumwaibisha mbele ya mwanawe. Kwa hiyo nilisema kwa lugha ambayo binti hakuwa nayo.

"Níor chuir tú mé," nikamwambia. Hukunipeleka.

Akatabasamu. Kiayalandi hakina ndiyo wala hapana. Mtu hurudia kitenzi, ama kilivyo ama kwa kukikanusha. "Chuir," akanisahihisha, polepole, kama anavyosemeshwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ulinipeleka, ndivyo inavyosemwa. Akamgeukia binti yake. "Imemshika kutu kidogo. Ametia kanusho pasipohitajika."

"Usijali," binti akaniambia kwa huruma. "Mimi sijui hata neno moja."

Nilimtazama Mwalimu machoni. Mtu aliyeisema lugha ile maisha yake yote hakosei kusikia neno la kwanza analofunzwa mtoto kulikana jambo. Alikuwa amenielewa. Vidole vyake vilikuwa vimeukaza mkongojo, na tabasamu lilibaki mahali lilipowekwa.

"Chuir," akasema mara ya pili, chini kwa chini. Safari hii hakuwa akinisahihisha. Alikuwa ananiomba.

Nikairudia sentensi yangu kama nilivyoisema mwanzo, bila kupunguza neno, kila herufi mahali pake, kama alivyonifundisha. Kisha nikausukuma mlango kwa bega. Nyuma yangu nilimsikia binti akiuliza, "Amesema nini, Baba?"

Sikungoja kusikia atatafsiri vipi.